Dirisha la Ng'ambo ya Kijito

Ukisimama Tingi unakuwa katikati ya nchi mbili. Mgongoni una milima ya Umatengo, yenye baridi, mahindi, maharage na kahawa. Mbele yako ardhi inaporomoka kuelekea Ziwa Nyasa, kwenye joto, muhogo na usipa. Kata hii leo ni ya Wilaya ya Nyasa, na wilaya yenyewe ilimegwa kutoka Mbinga, kwa hiyo hata makaratasi yake yana miguu miwili, mmoja mlimani na mwingine majini.

Nimepachagua hapa ili nizungumzie jambo ambalo kwa kawaida huzungumziwa New Jersey au California, yaani kampasi ya utafiti ya wahandisi wa kampuni: majengo yake, historia yake, na jinsi kuta zake zinavyoamua nini kitavumbuliwa ndani. Msomaji anaweza kuona nimepotea njia. Tingi hakuna maabara ya kioo. Lakini uhakiki wa majengo ukianzia kwenye majengo tu, unaishia kusifu vigae. Mimi nataka kuanza na swali dogo zaidi. Mtu anayetafuta jawabu la kazi yake, akiinua macho anaona nini, na nani anamwona yeye?

Tuanze mlimani, mwezi Machi, masika yakielekea ukingoni. Wanaume wa Kimatengo wanaingia kwenye shamba lililopumzishwa na kufyeka nyasi kwa nyengo. Nyasi zinaachwa zikauke kwa siku kadhaa. Kisha zinakusanywa na kulazwa juu ya mteremko kwa mistari inayokatana, mingine ikifuata usawa wa mlima na mingine ikishuka nao, mpaka konde zima linakuwa kama wavu uliotandikwa chini. Hapo ndipo wanawake wanapoingia na majembe. Wanachimba katikati ya kila mraba na kuutupa udongo juu ya nyasi pande zote nne. Kinachobaki ni shimo lililozungukwa na matuta manne, na ndani ya kila tuta kuna nyasi zilizozikwa zikianza kuoza. Shimo moja lina upana wa kama mita 1 na nusu. Mbegu za maharage zinapandwa juu ya matuta. Maharage yakishavunwa katikati ya mwaka na mvua mpya zikianza mwezi Desemba, mahindi yanafuata palepale. Mzunguko mzima unachukua miaka miwili, kisha wavu unatandikwa upya.

Hiyo ndiyo ngoro, wengine hutamka ngolo. Ukiitazama kutoka mbali unadhani mtu amebandika sega la nyuki kwenye ubavu wa mlima.

Ngoro kwa lugha ya mhandisi ni hivi. Mteremko mkali ukipigwa na mvua kubwa, maji hupata kasi, na maji yenye kasi hubeba udongo. Dawa iliyozoeleka ni kuyazuia kwa ukuta, yaani ngazi au matuta marefu ya kukinga mteremko. Tatizo la ukuta mrefu ni kwamba ukibomoka mahali pamoja, maji yote yaliyokusanyika nyuma yake yanapita hapohapo, na uharibifu unakuwa mkubwa kuliko kama usingejenga kitu. Ngoro haina ukuta mrefu. Kila shimo linashika maji yake lenyewe, kidogo, yanazama taratibu. Shimo moja likifurika au tuta moja likikatika, jirani yake wa chini anapokea ndoo chache tu za maji, hapokei mto. Udongo uliosombwa unatua kwenye shimo linalofuata na unabaki shambani. Magugu yanayopaliliwa yanatupwa humohumo shimoni na kuoza. Kwa hiyo jengo hili ni birika, ni chujio na ni jaa la mbolea kwa wakati mmoja, na vifaa vyake vyote vimeota palepale lilipojengwa.

Wamatengo walifikaje hapo? Simulizi za wazee na maandishi ya wanahistoria vinakubaliana kwa sehemu kubwa. Katikati ya karne ya 19 Wangoni waliingia Ungoni na mashambulizi yao yakawasukuma Wamatengo kwenye vilele na mapango ya upande wa Litembo. Watu wengi wakabanana kwenye ardhi kidogo iliyosimama wima. Hapakuwa na nafasi ya kuhamahama na kuacha msitu urudi, na udongo ukiondoka, nao wanaondoka, tena kwa kushukia mikononi mwa adui. Sidai kwamba ngoro ilizaliwa mwaka huo. Huenda mbinu ilikuwepo kabla. Lakini shida ndiyo iliyoigeuza kutoka mbinu kuwa sheria ya mlima. Mwaka 1938 A. H. Pike alipoandika katika jarida la Tanganyika Notes and Records kuhusu Wamatengo na hifadhi ya udongo, alikuwa akiandika kuhusu jambo ambalo serikali yake ilikuwa ikihangaika kulifundisha kwingineko, na hapa likawa limeshafanywa bila yeye.

Kwingineko hakukwenda vizuri. Uluguru, ambako mabwana shamba walileta ngazi za mlimani kwa amri, watu walilazimishwa kuzichimba, na mwaka 1955 zikaibua ghasia zilizokumbukwa hadi uhuru. Waluguru hawakuwa wavivu. Ngazi zilifukua udongo wa chini usio na rutuba na kuuweka juu, na aliyezichora hakuwa na shamba chini ya mchoro wake.

Hapo ndipo ninapotaka kuingiza dirisha. Nchi ya Wamatengo imegawanyika kwa mabega ya milima, kila bega likiwa kati ya vijito viwili. Bega hilo huitwa ntambo. Kwa kawaida ntambo moja ilikuwa ya ukoo mmoja: juu msitu kidogo, katikati nyumba na kahawa, pembeni ngoro, bondeni maji. Sasa fikiria umbo la nchi kama hiyo. Ntambo yako inatazamana na ntambo ya wenzako ng'ambo ya kijito. Kila asubuhi ukitoka nje unaona ngoro za jirani zimening'inizwa mbele yako kama ubao wa darasani. Mistari yake ikipinda, unaona. Mvua ya usiku ikimkatia tuta, unaona asubuhi, na pengine unajua sababu kabla yake, maana wewe uko mbali kiasi cha kuliona shamba zima na yeye yuko ndani yake. Naye anaona yako. Makosa yote ya nchi nzima yako hadharani, yamebandikwa ukutani, na kila miaka miwili ubao unafutwa na kuandikwa upya.

Sijui kampasi nyingine iliyojengwa kwa namna hiyo. Na nimezitafuta.

Mwaka 1902 Wajerumani walifungua Amani, juu ya Milima ya Usambara Mashariki, kama mita 900 kutoka usawa wa bahari, taasisi ya biolojia na kilimo ambayo kwa miaka michache ikawa mahali maarufu kwa sayansi ya nchi za joto barani Afrika. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Franz Stuhlmann. Palikuwa na maabara, maktaba, nyumba za wataalamu zilizotawanyika msituni, na bustani kubwa ya miti iliyoletwa kutoka kila pembe ya dunia ya kitropiki. Mahali palichaguliwa kwa sababu ya ubaridi, ili Mzungu aweze kufikiri bila kuugua malaria. Hiyo ni hoja ya usanifu kabisa: kampasi inawekwa pale ambapo mwili wa mtafiti utatulia, hata kama tatizo analotafiti liko mbali chini, kwenye mashamba ya mkonge na pamba.

Kwa hiyo dirisha la Amani linatazama msitu. Ni mandhari ya kupendeza kupita kiasi, na nadhani ndiyo ilikuwa kasoro yake. Mtaalamu akiinua macho kutoka kwenye hadubini anaona ukungu ukipita juu ya miti, haoni shamba la mtu ambaye angeweza kumwambia amekosea. Waingereza walipoichukua baada ya vita vya kwanza waliiacha izorote, wakaifufua miaka ya 1920, kisha baada ya vita vya pili kazi ya kilimo ikahamishiwa Muguga, nchini Kenya, na Amani ikabaki na malaria, ugonjwa uleule ambao waanzilishi wake walipanda mlima kuukimbia.

Hata hivyo, Amani ilitoa kitu kimoja kinachofika mpaka huku kwetu. Miaka ya 1930 H. H. Storey alikuwa pale akichunguza magonjwa ya muhogo, batobato na ule wa michirizi ya kahawia ambao huoza mizizi ndani huku majani yakionekana mazima. Mwaka 1936 ndiye aliyeueleza ugonjwa huu wa pili kwa mara ya kwanza kwenye maandishi ya kisayansi. Unaposhuka kwenye ukanda wa joto wa Afrika Mashariki, pwani na mwambao wa Ziwa Nyasa, huo ni ugonjwa wa nyumbani. Storey na wenzake, hasa R. F. W. Nichols, waliupandisha muhogo na ndugu zake wa porini, ukiwemo ule mti wa mpira ambao Wajerumani waliupanda kwa wingi, wakarudisha watoto wake kwa muhogo mara kadhaa mpaka wakapata mimea inayoliwa na isiyougua ovyo. Mmoja ulikuwa na namba tu: 46106/27.

Namba hiyo haikufa. Wakulima wa pwani ya Kenya waliipokea wakaiita Kaleso. Huku kusini mwa Tanzania kuna muhogo unaoitwa Namikonga, na miaka mingi ulihesabiwa kuwa wa kienyeji, wa mababu, mpaka vipimo vya vinasaba vilipoonyesha kuwa Namikonga na Kaleso ni ndugu wa karibu mno, kitu kimoja kwa kweli. Mwana wa maabara alitoroka kwenye kampasi, akapewa jina na watu, akasahauliwa kwao. Kipande cha mti wa muhogo husafiri kwapani, hakihitaji hati wala bahasha. Nikiulizwa ni jengo gani bora la Amani, nitasema ni hilo, bua lenye macho matano, ingawa wahakiki wa usanifu hawatanikubalia.

Sasa twende kwenye kioo. Mwaka 1962, huko Holmdel, New Jersey, kampuni ya simu ya Bell ilifungua jengo la utafiti lililochorwa na Eero Saarinen, mzaliwa wa Ufini, ambaye alifariki mwaka mmoja kabla hajaliona likiisha. Saarinen alikuwa ameshajenga kituo cha ufundi cha General Motors karibu na Detroit, na maabara ya IBM huko Yorktown Heights. Ukitaka kumjua mtu aliyezipa kampuni za Marekani sura ya kufikiri, ni yeye. Holmdel ni sanduku la kioo la ghorofa 6 lililowekwa katikati ya majani mabichi kama kabati lililosahauliwa uwanjani. Lilipopanuliwa lilifika karibu mita za mraba 186,000 na wafanyakazi wapatao 6,000. Lina barabara ya mviringo, bwawa, na tangi la maji lenye miguu mitatu ambalo watu husema limefanana na transista. Kioo chake ni cha kuakisi: ukilitazama kutoka nje unaona mawingu na miti, huoni mtu. Jarida moja la usanifu la miaka ya 1960 lililiita kioo kikubwa kuliko vyote vilivyowahi kutengenezwa, kwa maana ya kile cha kujitazamia.

Lililo la ajabu liko ndani. Ungetegemea jengo la kioo liwe na ofisi zenye mwanga. Saarinen aliweka korido pembezoni, zikizunguka jengo kwenye kioo, na vyumba vya kazi akaviingiza katikati, bila dirisha hata moja la nje. Mtafiti alipotaka kuona jua alitoka chumbani akatembea koridoni. Hoja zake hazikuwa za kipuuzi: vyumba vyote vinakuwa sawa, hakuna bosi mwenye pembe yenye mandhari, mitambo inakaa mahali penye hali ya hewa isiyobadilika, na watu wakitoka wanakutana. Lakini alichokijenga ni mahali ambapo makosa ya mtu yamefungiwa chumbani naye, na mandhari yamebaki kwa wapita njia.

Lilinganishe na ndugu yake mkubwa, maabara ya Murray Hill, iliyofunguliwa 1941 na kampuni hiyohiyo, si mbali sana. Pale palikuwa na korido ndefu, kama mita 200, na kuta za vyumba zinazohamishika. Mervin Kelly, aliyekuja kuwa kiongozi wa maabara hizo, alitaka mwanafizikia asiweze kwenda kula bila kupishana na mkemia na fundi wa vyuma. Transista ya kwanza ilifanya kazi humo Desemba 1947. Sisemi korido ndiyo iliyoitengeneza. John Bardeen na Walter Brattain walikuwa na vichwa vyao. Nasema tu kwamba Kelly alielewa kitu kilichojulikana Umatengo zamani, kwamba wazo linahitaji njia ya kupita mtu mwingine.

Umatengoni njia hiyo ilikuwa na jina. Wanaume wa ukoo wa ntambo moja walikuwa wakila pamoja nyumbani kwa mzee wao, kila nyumba ikileta chakula chake. Mkusanyiko huo huitwa sengu. Palepale kwenye sengu, mikono ikiwa bado na ugali, ndipo mashauri yalipokatwa: nani afungue konde gani, nyasi zipewe muda gani zikue, kijana gani kaharibu matuta ya shangazi yake. Hakukuwa na tofauti ya chumba cha kula na chumba cha mkutano. Vijana waliokaa pembeni walikuwa wakisoma, ingawa hakuna aliyewaambia wanasoma. Kelly alilipia saruji na chuma kupata kitu hicho. Bila shaka sengu ilikuwa na ukuta wake pia, na ukuta huo ulikuwa jinsia. Wanawake walipika na kupeleka. Hawakuketi.

Ninalisema hili kwa makusudi, kwa sababu kuna mtindo wa kuisifu elimu ya jadi mpaka mtu anayeifanya anapotea kwenye sifa. Rudi kwenye hatua za ngoro. Wanaume wanalaza nyasi, siku chache. Wanawake wanachimba na kufukia, na hiyo ndiyo kazi nzito, na ndiyo kazi ya vipimo: kina cha shimo, unene wa tuta, nyasi zifunikwe kiasi gani ili zioze bila kuchomoza. Mikono inayojua jambo hili kwa ndani ndiyo iliyokosa kiti kwenye sengu. Bell nayo ilikuwa na hadithi yake. Erna Hoover aliingia maabara zile mwaka 1954, na alipokuwa hospitalini baada ya kujifungua ndipo alipochora wazo lake la kutumia kompyuta kupanga simu zinapokuwa nyingi kupita kiasi ili mitambo isikwame. Hataza ilitoka 1971. Majengo yote yale ya kioo, na wazo la kuzuia mafuriko ya simu, maji mengi kwenye bomba moja, likaja kitandani wodini! Hoover pia alikuwa anatatua tatizo la mteremko.

Kuna kingine kuhusu Holmdel kinachonichekesha. Mambo mawili makubwa yaliyovumbuliwa kwenye kata ile hayakuvumbuliwa ndani ya kioo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Karl Jansky alikuwa akifanya kazi ya kampuni hiyo kwenye uwanja uleule, miaka 30 kabla ya jengo, akitafuta kelele zinazovuruga simu za masafa marefu. Antena yake ilikuwa ya mbao na mabomba, ikizunguka juu ya magurudumu ya gari la Ford. Kelele moja haikuwa ya radi wala ya mashine. Ilitoka kwenye Njia ya Maziwa, ule mkanda mweupe wa nyota za usiku. Ndiyo ikawa mwanzo wa kusikiliza anga kwa redio. Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa kwenye kilima cha jirani, Crawford Hill, na antena iliyofanana na pembe kubwa. Walikuta mnong'ono usiokwisha kutoka kila upande. Waliwafukuza njiwa, wakasafisha kinyesi chao, mnong'ono ukabaki. Ulikuwa ni joto lililosalia tangu mwanzo wa ulimwengu, na mwaka 1978 likawapa Tuzo ya Nobel. Ili nisimwonee Saarinen, Steven Chu na wenzake walipoza atomu kwa mwanga wa leza wakiwa wafanyakazi wa Holmdel, mwaka 1985, na Chu akapata Nobel yake 1997. Sanduku halikuwa tasa. Lakini pale palipokuwa na upepo na njiwa, mtafiti alikuwa na kitu kinachombishia.

Na huku kwetu kampuni zimejenga nini? Kidogo. IBM ilipofungua maabara yake ya utafiti ya kwanza barani Afrika, mwaka 2013, iliiweka Nairobi ndani ya chuo kikuu cha Kikatoliki, kama mpangaji mwenye heshima. Na kwenye mwambao wetu, mojawapo ya kambi za ufundi za mwanzo ilikuwa gati la Wajerumani Liuli, walikopaita Sphinxhafen kwa sababu ya jiwe lenye umbo la mnyama aliyelala. Hapo meli yao Hermann von Wissmann ilipandishwa nchi kavu kutengenezwa. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza Guendolen ilikuja na kuipiga mzinga ikiwa ingali juu ya mbao zake, na nahodha wa Kijerumani, ambaye habari za vita zilikuwa hazijamfikia, akatoka kwa mtumbwi kumuuliza rafiki yake Rhoades, nahodha wa Guendolen, amepatwa na nini. Ufundi ule ulikuja na meli na ukaondoka na meli. Jiwe liko palepale.

Iliyo karibu zaidi na kampasi ya kampuni, kwa tafsiri ya haki, iko mlimani: kituo cha Ugano, Mbinga, cha Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, yenye makao makuu Lyamungu, chini ya Kilimanjaro. TaCRI ilianza kazi 2001, serikali ilipoamua utafiti wa kahawa uongozwe na wadau wenyewe na kugharamiwa kwa sehemu na makato ya mauzo. Maana yake ni kwamba mama anayechuma kahawa Mbinga ni mmoja wa wanaolipia maabara, jambo ambalo mteja wa simu za Bell naye alikuwa akilifanya bila kujua, kila alipolipa bili. Ugano hakuna usanifu wa kusimulia. Kuna majengo ya kawaida, vitalu na kivuli cha nyavu. Kinachonivutia ni kwamba aina mpya za kahawa zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani haziishii kituoni. Bustani mama zinapandwa vijijini kwa vikundi vya wakulima, na vikundi vinakata vikonyo na kuotesha miche yao wenyewe. Maabara imekubali kukatwa vipande na kubebwa kwapani. Amani ilichukua miaka mingi kufika hapo, tena bila kukusudia.

Miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto walipanda Umatengo kuichunguza ngoro. Walipima, waliandika, walikaa. Mwaka 1999 SUA ikaanzisha kituo cha maendeleo endelevu ya vijijini, kwa msaada wa Japani, na kijiji cha Kindimba kikawa mojawapo ya sehemu zake za kazi. Walipouliza wanakijiji wangependa kuanza na nini, hawakuambiwa ngoro. Ngoro waliijua. Walitaka mashine ya kusaga inayoendeshwa na maji. Kamati iliyosimamia kazi hiyo ilipewa jina la Sengu, sengu ambayo kwa wakati huo ilikuwa imefifia kwa sababu ya vijiji vya ujamaa, fedha za kahawa, na kila nyumba kula peke yake. Mashine ya maji ina tabia moja: kijito kikipungua, unga unakoma. Kwa hiyo mazungumzo ya kusaga yakageuka mazungumzo ya kupanda miti kwenye chanzo, kisha ya mabwawa ya samaki. Tatizo liliwekwa mahali ambapo kila anayepita na debe la mahindi analiona.

Mimi naiona Kindimba kuwa kampasi iliyosanifiwa vizuri kuliko Holmdel, na najua kauli hiyo ina ukorofi. Hakuna aliyepata Nobel pale na hatapata. Naupima usanifu wake kwa swali lile la mwanzo: aliyekosea aliweza kuonekana na nani, na aliyemwona alikuwa na ruhusa ya kusema? Huko Holmdel jibu lilitegemea cheo na mlango. Amani lilitegemea rangi ya ngozi. Kindimba lilitegemea kama umekuja na debe, na wengi waliokuja na debe walikuwa wale ambao sengu ya zamani iliwanyima kiti.

Kampuni iliyorithi Holmdel iliondoa wafanyakazi wa mwisho 2007. Jengo lilikaa tupu, wakataka kulivunja, kisha mwaka 2013 likanunuliwa na kuitwa Bell Works. Leo ukumbi wake wa kati una maduka, migahawa na maktaba ya mji, na watoto wanakimbia mahali palipokuwa pa siri. Wapiga picha wa tamthilia ya Severance walilichagua kuwa ofisi ya wafanyakazi waliopasuliwa kumbukumbu, wanaoingia kazini wakawa hawajui wao ni nani nyumbani. Sidhani walihitaji kubadilisha samani nyingi.

Ngoro nayo ina matatizo yake, na ni ya leo. Ardhi ya mlimani imejaa. Nyasi ndefu zinazohitajika kuzikwa zinataka shamba lililopumzika, na shamba halipumziki tena kama zamani. Vijana wanashuka kutafuta konde tambarare ambako trekta linaweza kupita, na wengi wao wanashukia huku upande wa ziwa. Wakifika chini wanajikuta wanapanda muhogo. Wanaomba mbegu kwa jirani, jirani anakata bua kwa panga, anawapa vipande kadhaa, na mmoja wao akiuliza ni muhogo gani, anaambiwa ni wa hapahapa, wa zamani.